Tustroki ya zamani ya kufufua: ipi ununue kwanza

Ukienda kukagua tustroki ya zamani, yaani pikipiki ambayo injini yake huchoma oili pamoja na petroli, rangi na siti viache vya mwisho. Hivyo fundi yeyote wa mtaani anavimaliza. Anza na kadi. Namba ya chesisi isipolingana na ya kwenye kadi, ondoka, hata bei iwe ya kutupa. Kisha njoo kwenye krenki, mhimili wa injini unaozungushwa na pistoni, maana ndiyo inayokula pesa.

Krenki inapimwa bila kupasua injini. Toa kava la magneto, gurudumu la sumaku lililo mwishoni mwa krenki, shika magneto uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha na sili zinavuta hewa: mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, pistoni inashika moto, injini inanoki. Halafu toa plagi, ingiza kijiti kiguse pistoni ikiwa katikati ya silinda, uchezeshe magneto kidogo huku na huku. Magneto ikienda kabla kijiti hakijasogea, konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, imelegea.

Nafasi ya kwanza tunaipa Yamaha AG100. Ni cc 97, iliundwa kwa kazi za shamba, na mnyororo wake umefungiwa ndani ya kava. Ndiyo maana unaweza kukuta nje pamechakaa kabisa lakini mnyororo na sproketi bado vizima. Breki ni za ngoma mbele na nyuma. Kwa anayefufua pikipiki kwa mara ya kwanza, hatuoni bora kuliko hii.

Ya pili ni Vespa PX150, na kwa mtu wa Unguja, ambako mafundi wa Vespa hawatafutwi, tungeipandisha iwe ya kwanza. Haina chesisi ya mabomba. Bodi ya bati ndiyo chesisi yenyewe, na chumvi ya pwani huanza kuila chini. Inua mpira wa sakafuni, gongagonga bati kwa bisibisi. Kisha iendeshe gia ya pili, uvute eksileta na kuachia. Gia ikiruka, msalaba wa gia, kipande cha ndani kinachoshika gia, umelika na injini lazima ipasuliwe. Moshi mweupe usiokoma huku oili ya gia ikipungua ni sili ya upande wa klachi.

Yamaha DT125 inakuja ya tatu, ingawa ndiyo tamu kuliko zote kuendesha na kurembesha. Tatizo ni mikono iliyopitia: wengi huondoa boksi la hewa na kufunga ekzosti ya wazi bila kuongeza jeti kubwa ya kabureta (kitundu cha kupitisha petroli), na pistoni hulipia. Omba hedi ifunguliwe, usome namba juu ya pistoni: 25, 50, 75 au 100, yaani sehemu za mia za milimita ambazo pistoni imezidi saizi ya kiwandani. Ikiwa 100, silinda imeshachongwa milimita nzima. Hesabu gharama ya kuvisha laina mpya, yaani ukuta wa ndani wa silinda.

Jambo moja kuhusu hizo Yamaha mbili, ambazo pampu huvuta oili yenyewe. Pampu ikishaguswa, legeza skrubu yake ya kutolea hewa, acha oili itiririke mpaka mapovu yaishe. Hata hivyo tangi la kwanza changanya mililita 20 za oili ya tustroki kwa kila lita ya petroli. Itafuka moshi mwingi. Iache ifuke mpaka tangi hilo liishe.