Mpelelezi asiyeona usiku na vampaya asiyeweza mchana: maoni yangu kuhusu sirizi ya Vicki Nelson

Haya jamani, nimemaliza kitabu cha tano juzi saa nane usiku, macho yamevimba kama nimeumwa na nyuki, na tangu hapo nimekuwa namsumbua kila mtu na habari za Vicki Nelson mpaka dada yangu kaniambia nenda kaandike huko wanakotaka kusikia. Basi ndo nimekuja.

Sirizi yenyewe ni ya mwandishi wa Kanada anaitwa Tanya Huff, vitabu 5, cha kwanza Blood Price kilitoka 1991 na cha mwisho Blood Debt 1997, halafu kuna mkusanyiko wa hadithi fupi ulikuja baadaye, huo siuhesabu hapa. Vampaya wamo, mapenzi yamo, upelelezi umo, vyote sufuria moja, na mimi kusema ukweli vampaya nilikuwa nimewakinai kabisa, unajua zile hadithi ambazo binti kazi yake ni kutekwa, kulia na kuokolewa, halafu jamaa ana miaka mia kadhaa duniani lakini anavyonuna utadhani kanyang'anywa simu na mama yake. Nilianza hiki nikijua ukurasa wa 20 nakiweka chini.

Sikukiweka, na kilichonishika ni macho ya huyu dada.

Vicki alikuwa mpelelezi wa polisi Toronto, tena si wa kubahatisha, walikuwa wanamwita "Victory" kwa jinsi alivyokuwa anazimaliza kesi. Halafu akapata ugonjwa wa macho unaitwa retinitis pigmentosa, ambao ni ugonjwa wa kweli kabisa, wa kurithi, seli za nyuma ya jicho zile zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu ndo zinaanza kufa, kwa hiyo kwanza usiku unakuwa huoni, kisha pembeni nako kunajifunga taratibu mpaka unabaki kuiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa ya kuuponya hana. Kukaa mezani ahamishe mafaili hataki, kaacha kazi, kawa mpelelezi wa kujitegemea, ana umri wa miaka thelathini na kidogo, hasira zake zimemjaa mpaka shingoni na miwani minene usoni.

Sasa ona mwandishi alivyofungua. Usiku, stesheni ya treni ya chini ya ardhi, Eglinton West, Vicki yupo pale, kijana mmoja anauawa kwenye lile handaki, ukelele unasikika na mguu wa kipolisi haujazeeka, anakimbilia huko huko. Anafika, mtu chini, koo limeraruliwa, na kuna kitu kinatokomea gizani. Yeye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote, ndiye mwenye jicho la kazi, miaka yote ya mafunzo, na hakuona kitu cha kueleweka, giza tu limesogea ndani ya giza. Yaani nilisoma pale nikasimama, nikarudi kusoma tena. Shahidi bora kuliko wote mjini na ushahidi hana. Halafu mchumba wa marehemu anakuja kumwajiri akiwa ameshajijibu mwenyewe kwamba muuaji ni vampaya, na Vicki anataka kucheka lakini anakumbuka lile giza.

Vampaya kweli yupo, ila muuaji si yeye. Anaitwa Henry Fitzroy na hapa ndo nilimvulia mwandishi kofia, kwa sababu huyu si mtu wa kubuni, ni mtoto wa nje wa mfalme Henry VIII wa Uingereza, kazaliwa 1519 na mama anaitwa Elizabeth Blount, baba yake akamtambua na kumpa cheo cha Duke wa Richmond na Somerset akiwa na miaka 6 tu, akafa 1536 akiwa na miaka 17. Sasa nenda kasome historia yenyewe, nje ya riwaya: inasemekana maiti yake ilitolewa kimyakimya kwenye mkokoteni uliofunikwa majani makavu, mtoto wa mfalme huyo, hakuna mbwembwe, hakuna msafara, wasindikizaji wachache tu. Ukilisoma hilo unajiuliza mara mbili mbili, mbona walikuwa wanamficha? Mwandishi kaliona hilo pengo akampenyeza vampaya humo, na linakaa sawasawa kama mfuniko kwenye chungu chake.

Na kazi yake Toronto miaka ya tisini? Anaandika riwaya za mapenzi! Mtoto wa mfalme, karibu miaka 470 mgongoni, anakaa usiku kucha mbele ya kompyuta anahangaika na mabinti wa hadithi wanaopumua kwa shida na mabaharia wenye vifua. Nilicheka kwa sauti. Haui watu ili ale, anachukua kidogo kutoka kwa wapenzi wake na wao wanaondoka salama, ni Mkatoliki, na ni mfupi kuliko Vicki, hilo nalo nililipenda sana.

Sasa kiini cha yote ni hiki hapa na ndo nilichotaka kusema tangu mwanzo. Usiku Vicki hana macho. Mchana Henry hana uhai, jua likichomoza analala kama gogo na likimgusa anaungua. Kwa hiyo kesi moja inagawanywa kwa saa: Vicki mchana anazunguka, anahoji watu, anapiga simu, anachora ramani ya Toronto aone mauaji yanaelekea wapi, jua likizama anamkabidhi Henry zamu. Na kukabidhi ndo kunamuua kwa sababu dada huyu kuomba msaada ni bora ameze msumari. Mapenzi yao yameota hapo hapo kwenye kukabidhiana zamu, hakuna habari ya kuangaliana macho kurasa kumi. Kuna mahali wanatembea gizani, Henry anajua kwamba Vicki haoni, Vicki anajua kwamba Henry anajua, na hakuna anayetamka, mkono unashikwa tu kama vile ni kawaida. Mimi mtu mzima nimeolewa nikashika kifua.

Na kuna Mike Celluci. Wallahi huyu watu wanampita tu kwa sababu hana meno marefu. Ni polisi, walikuwa wanafanya kazi pamoja na Vicki miaka mingi, wanalala pamoja mara moja moja, wanagombana kila siku, kuna kile kinywele kinamwangukia usoni anakirudisha nyuma, kinaanguka tena. Anampigia Vicki kelele kuhusu macho yake na Vicki anampigia kelele zaidi, na ukisikiliza vizuri hizo kelele zote maana yake ni "naogopa utaumia". Wivu wake kwa Henry ni wa mtu mzima, anachunguza kama polisi, anakusanya faili, anashindwa kulala. Kwenye hadithi nyingi za mwanamke mmoja na wanaume wawili unajua toka mwanzo nani wa kupigwa chini, huku sikujua mpaka mwisho na nilibadilisha timu mara tatu.

Vitabu vya kati nitaenda haraka. Cha pili, Blood Trail, wanaenda shambani karibu na London, ile London ya Ontario msije mkachanganya, kuna familia ya wafugaji wa kondoo ambao ni watu wa kugeuka mbwa mwitu na kuna mtu anawalenga kwa risasi za fedha. Hadithi si ngumu ila mazingira yamefanya kazi, maana mjini angalau taa za barabarani zipo, kule shambani jua likizama Vicki kaisha, ni kama amefungwa kitambaa usoni, na mwandishi hakumhurumia hata kidogo. Hao mbwa mwitu wenyewe wanavua nguo ovyo ovyo kila wanapogeuka na hakuna anayejali isipokuwa mgeni, vichekesho vingi.

Cha tatu ni maiti ya kale ya Misri, kwenye jumba la makumbusho la Toronto, Royal Ontario Museum. Huyo kuhani aliyefufuka sikumpenda sana, nilimuona wa kawaida. Lakini kuna kitu kinamtokea Henry: anaanza kuota jua. Vampaya hawaoti, wanalala wamekufa, na yeye kila siku anaamka ameliona jua, anaogopa kwamba akili yake imechoka kuishi na siku moja atatoka nje mwenyewe alfajiri. Anamwomba Vicki aje awepo chumbani wakati wa mapambazuko. Yaani mtu mwenye nguvu za kuvunja ukuta anamwomba mwanamke asiyeona vizuri amlinde na nafsi yake. Kitabu kizima wangekitupa wakabakisha hapo tu mimi ningelipia.

KUANZIA HAPA NATOBOA SIRI ZA KITABU CHA NNE, asiyetaka aruke aya mbili.

Blood Pact, 1993. Mama yake Vicki anakufa, huko Kingston ya Ontario, na Vicki alikuwa hajapokea simu yake, ilikuwa inalia akasema nitampigia baadaye. Anaenda kuzika, jeneza halina maiti. Kuna wanasayansi chuoni wanachezea wafu. Nilisoma hiki siku mbili sikula vizuri, maana vile vingine vinatisha kwa raha, hiki kinatisha pale pabaya, hebu fikiria unamtafuta mama yako aliyekufa na unaomba usimkute anatembea. Na zaidi ya kesi, Vicki halii. Anafanya kazi. Wale wanaume wawili wanaacha kugombana ghafla kwa sababu wote wanaona anavyoelekea kuvunjika.

Mwisho Vicki anageuzwa vampaya, ndo njia pekee ya kumwokoa. Hapa ndo roho yangu imegawanyika. Sheria ilishawekwa: vampaya wawili hawawezi kukaa eneo moja, damu inawakataa, watauana. Kwa hiyo Henry akimpa uhai anampoteza papo hapo, lazima mmoja ahame. Mpaka hapo safi kabisa, ililipwa kwa bei yake. Lakini mimi nilimpenda mtu wa kawaida mwenye miwani anayejigonga kwenye meza gizani na bado anaenda! Giza likishakuwa si adui yake tena kimebaki nini? Kitabu cha tano wamo Vancouver, mizimu inamtokea Henry kila jioni, kesi ya viungo vya watu kuuzwa, kimeandikwa vizuri, Henry na Vicki wakiwa mji mmoja wanatamani kuraruana na hilo linachekesha na kuumiza. Ila ile zamu ya mchana na usiku haipo tena. Nilikisoma kwa heshima, si kwa njaa.

Na acha nilalamike kidogo. Kitabu cha nne nilikinunua cha mtumba, muuzaji akaniambia kipo vizuri kabisa, nafika mwisho, Vicki yuko taabani, nafungua ukurasa, naona gundi. Kurasa za mwisho zimenyofoka zote. Saa sita usiku. Niliishia kununua kwenye simu ili nijue kama mtu wangu amekufa, na nilikuwa natetemeka vidole wakati naweka namba ya siri.

Kasoro zipo. Kama unataka fumbo la kukuumiza kichwa utachoka, maana muuaji mwandishi anakuonyesha mapema, kurasa chache tu ushakaa ndani ya kichwa chake, unabaki kusubiri Vicki amkamate. Yule mwanafunzi anayeita pepo kitabu cha kwanza amechorwa kikatuni mno, kijana wa kompyuta asiye na marafiki anayetaka wasichana na koti la ngozi, leo ungeandika hivyo wangekushukia. Na ni miaka ya tisini jamani, watu wanaachiana ujumbe kwenye simu ya mezani, wanatafuta kibanda cha simu, mambo ambayo simu moja ya mkononi ingeyamaliza. Kiingereza chake si kigumu, utani ndo mkavu, wakati mwingine umeshapita ndo unagundua ulikuwa utani.

Ipo na tamthilia, Blood Ties, ya 2007, vipindi 22 halafu wakaikata. Christina Cox ndo Vicki na ameiweza ile sura ya "usinishike, najua njia", Dylan Neal ni Celluci, Kyle Schmid ni Henry ila huku Henry anachora vitabu vya katuni badala ya kuandika mapenzi, nilisikitika. Pia wamemwekea Vicki alama za pepo mikononi, naelewa runinga inataka kitu cha kung'aa lakini macho yake yalitosha. Iangalie baada ya vitabu, si kabla.

Mimi natoa nyota 4, ile ya tano kaondoka nayo kuhani wa Misri. Anza na cha kwanza, usije ukajidai kuruka. Nilitaka kuweka hapa picha ya kava la Blood Price lakini kwenye rafu halipo, na dada yangu tangu jana jioni kajifungia chumbani anasema anaumwa kichwa.