VESTA: programu ya bure iliyonifungulia mahandaki ya madini ya manganizi (nyota 5)

Nina karibu mwaka naitumia VESTA, programu ya kuchora fuwele kwa 3D atomu kwa atomu, kuangalia yale madini ya manganizi yenye mahandaki ndani (vinjia vyembamba kati ya atomu) na naipa nyota zote tano, na wewe mwanafunzi wa jiolojia au kemia unayekodolea zile picha za kitabuni bila kuelewa kitu, soma hapa.

Wameitengeneza Wajapani wawili, Koichi Momma na Fujio Izumi, ni bure kama hufanyii biashara, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux. Laptopu yangu ya zamani inazungusha fuwele bila kukwama.

Sasa utamu wenyewe. Fungua faili la CIF (faili linalosema kila atomu iko wapi kwenye fuwele) la holanditi, mojawapo ya madini hayo, mwanzo utaona vimipira tu vimetawanyika. Washa yale maumbo ya pande nane, yaani kila manganizi na oksijeni zake sita, halafu geuza uchungulie kwa kufuata mhimili mfupi, hapo ndo roho inatulia! Minyororo miwili miwili imeshikana kwenye kona na katikati kuna handaki la mraba, 2 kwa 2, yaani kila ukuta una upana wa maumbo mawili. Bariamu ndo anakaa humo, akikaa potasiamu tunaita kriptomelani, akikaa risasi (ile metali) ni koronaditi. Piroluziti ni 1 kwa 1, humo hapiti mtu. Todorokiti 3 kwa 3, maji na magnesiamu wanaenea kabisa, na ukipima bondi zake utaona manganizi za pembeni mwa mnyororo zina nafasi pana kuliko za katikati, kwa sababu chaji ya wapangaji, yaani ioni zinazokaa handakini, lazima ifidiwe na baadhi ya manganizi zinashuka kutoka 4+ kwenda 3+, na hizo za 3+ ni kubwa zaidi.

Kilichonisumbua wiki nzima ni faili la kwanza nililodaunlodi sehemu flani, liliandika bariamu imejaa kila nafasi, nikaona mipira imebanana kama abiria wa daladala ya jioni, nafasi hadi nafasi ni kama angstromu 2.9 tu (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) na kila bariamu ina chaji 2+, zinasukumana hizo. Nikatafuta faili lenye kiwango halisi cha nafasi zilizojaa, VESTA ikanichorea mpira uliopakwa rangi kipande, kilichobaki cheupe, maana yake nafasi hiyo mahali pengine ina mtu na mahali pengine iko tupu.

Ila huo ni wastani, sio mpangilio. Ndani ya handaki moja ioni zinajipanga, nafasi zikijaa nusu basi moja inakaliwa moja inarukwa, lakini handaki la jirani linaanza kuhesabu pake, ndo maana kwenye difraksheni ya elektroni (picha unayopata ukipitisha elektroni kwenye fuwele) unapata mistari iliyofifia badala ya vidoti vikali. Romaneshiti, ile ya 2 kwa 3, ni bariamu moja maji mawili, bariamu moja maji mawili, kwa hiyo mhimili mfupi unarefuka mara tatu.

VESTA haikupangii hilo yenyewe. Unaondoa simetria, unarefusha seli (kile kipande kidogo kinachojirudia kwenye fuwele) mara mbili au tatu, unafuta atomu moja moja kwa mkono, inachosha kweli lakini mi nilielewa mpangilio wa kationi (ioni zenye chaji chanya, kama hiyo bariamu) hapo na sio darasani. Ukimaliza iambie ikokotoe paterni ya difraksheni ya unga (mchoro wa vilele ambao sampuli iliyosagwa ingetoa) uilinganishe na ya mwanzo, utaona vilele vidogo vimechipuka pale palipokuwa patupu.