Kambi ya gari kwenye makazi ya dubu: ununue nini, uache nini

Haya, karibuni jamani, karibuni. Leo meza imejaa kama mnavyoona, kwa hiyo sizunguki. Majira ya joto ndiyo haya, watoto wamefunga shule, na wengi mmeniandikia mnataka kubeba hema, jiko na familia mwende mkalale porini na gari. Swali ni lile lile: chakula tunakiweka wapi dubu asitufikie? Wengine mmenitumia hadi picha ya boksi la barafu la dola mia tatu na kitu, mnauliza, kaka, ninunue? Nitajibu. Ila jibu linategemea unakwenda hifadhi gani, na watu wengi wanatupa pesa kwa kutoliuliza hilo kwanza.

Chukua hifadhi mbili. Ya kwanza Yellowstone, sehemu kubwa iko Wyoming, kwenye grizli, wale dubu wakubwa wenye nundu mabegani. Kule ukiweka chakula ndani ya gari la bodi ngumu, vioo umepandisha, milango umefunga kwa ufunguo, sheria inakukubalia. Grand Teton hapo jirani ni hivyo hivyo. Sasa njoo Yosemite, California. Grizli hayupo, California nzima walishakwisha tangu miaka ya 1920, wamebaki dubu weusi ambao ni wadogo zaidi. Lakini Yosemite giza likiingia, hata pakiti ya biskuti hairuhusiwi kulala garini. Mchana sawa, kama kimefichwa na vioo vimefungwa. Usiku hapana.

Kwa nini kwenye dubu mdogo ndiko sheria kali? Kwa sababu dubu wa Yosemite wamesoma magari. Mama anavunja, watoto wapo pembeni wanaangalia, wakikua nao wanavunja. Anapachika kucha pale juu, fremu ya mlango inapokutana na paa, anavuta kuelekea chini, mlango unakunjika. Akishaingia anararua kiti cha nyuma kwenda kwenye buti. Mwaka 1998 ulikuwa mbaya kuliko yote, matukio ya dubu yalizidi 1,500 kwa mwaka mmoja, mengi yakiwa ya magari. Na kuna utafiti wa 2009 uliochunguza magari yaliyovunjwa Yosemite: dubu walivunja minivani nyingi kuliko ambavyo ungetegemea kwa idadi ya minivani zilizokuwepo. Watafiti wakasema huenda ni kwa kuwa ndizo gari za familia zenye watoto, makombo na juisi vimemwagika kila pembe. Huenda ni milango yake. Huenda pia ni dubu wachache tu waliobobea. Wenye minivani mnanielewa. Kile kiti cha mtoto chenye uji uliokauka kwenye mishono, kwa dubu ni sahani.

Baada ya mwaka ule mbaya wakasambaza makabati ya chuma, faini ikawekwa hadi dola 5,000, na matukio yakaporomoka. Kwa hiyo bidhaa ya kwanza ninayoichambua leo huinunui kabisa: kabati lenyewe. Kila kiwanja cha kambi Yosemite kina moja. Angalieni hii klipu, naisimamisha hapa. Mnaona komeo? Limefunikwa kwa bati. Unaingiza vidole kwa chini, unabonyeza, mlango unaachia. Mkono wa dubu una nguvu za kung'oa mlango wa Corolla, ila kucha zake hazipindi kuingia pale. Ujanja wote ni huo, hakuna betri, hakuna namba ya siri. Kasoro yake ni wewe: ukiacha mlango umerudishiwa tu bila kukomea, umemwekea buffet. Sheria inataka likomewe muda wote, hata kama umekaa hatua tatu pembeni unakaanga vitunguu, maana dubu wanapita hata mchana.

Ukubwa wake sasa, andikeni. Makabati mengi ya Yosemite ndani yana upana wa inchi 45, kina inchi 33, na urefu kwenda juu inchi 18. Kwa sentimita ni kama 114, 84, na 45. Hiyo 45 ya mwisho ndiyo inayoumiza watu. Yale maboksi ya barafu ya magurudumu, marefu, yenye mpini wa kuvuta, mengi yanagota juu. Nimeona watu saa nne usiku wanalilaza ubavu, maji ya barafu yanatiririka kwenye unga na mkate. Chukua futi la fundi, pima boksi lako leo, likiwa sebuleni.

Sasa hili la dola mia tatu. Hili hapa ni YETI Tundra 45, yapo ya kampuni nyingine pia yenye cheti kile kile. Tuongelee cheti. Hiki kibandiko cha IGBC ni cha kamati ya idara za Marekani zinazoshughulikia grizli. Bidhaa zinapelekwa West Yellowstone, Montana, kwenye kituo kinachofuga dubu ambao hawawezi tena kuachiwa porini, wengi wao kwa sababu hiyo hiyo, walizoea chakula cha watu. Wanatia chakula ndani ya boksi, wanawarushia. Dubu aliguse, alitafune, alikanyage, aliruke juu yake, hadi jumla ya dakika 60. Likitoka bila kufunguka, limepita. Huo mtihani naupenda, kwa sababu mtahini hahongeki.

Lakini njooni karibu hapa. Kamera, hapa kwenye kona. Mnaona tundu mbili, moja kushoto moja kulia? Hizo ni za kufuli. Hizi lachi za mpira mbele hazihesabiki, dubu anazivuta tu. Cheti kinasimama pale tu ambapo umepiga kufuli mbili, moja kila kona. Na kufuli haziji na boksi, unanunua mwenyewe. Boksi la dola mia tatu lisilo na kufuli, usiku, mbele ya dubu, halina tofauti na lile la povu la dukani kwa dola tano. Kufuli ziwe zenye shingo inayopenya hadi upande wa pili, na zikishafungwa mfuniko usichezecheze. Ukiweza kuingiza kidole kati ya mfuniko na boksi, ukucha pia utaingia.

Sifa zake nazikubali: barafu inakaa, nyama yako ya Jumamosi ukifika Jumatatu bado ngumu. Ubaya, lenyewe tupu ni kilo kumi na zaidi, ukijaza soda na nyama unaita jirani. Na kwa Yosemite, kufuli au hakuna, usiku linaingia kabatini. Sasa ukiwa unakwenda sehemu yenye kabati la bure, hiyo mia tatu unalipia barafu, humlipii dubu. Barafu nzuri ni kitu kizuri, sikukatazi. Jua tu unanunua nini. Thamani yake ya dubu inakuja kwenye kambi za misitu ya serikali ambazo hazina kabati, au ukiwa na pikapu ya wazi nyuma, kwa sababu hiyo karai ya nyuma haihesabiki kama gari lililofungwa. Jeep ya turubai vilevile.

Haya, mitungi ya kubebea chakula dubu asikifikie. Huu wa bluu unaoonyesha ndani ni BearVault BV500, lita kumi na moja na nusu, kilo moja na ushee. Huu mweusi ni Garcia, karibu lita kumi. Imetengenezwa kwa ajili ya wanaotembea kwa miguu na kulala milimani, siyo wenye magari. Siri yake ni umbo: mviringo, hakuna pa kushika wala pa kung'ata, dubu anauviringisha hadi anachoka. Garcia unafungua kwa sarafu, unazungusha vile vifungo viwili, kwisha. BearVault mfuniko unazunguka na kuna vinundu vinaruka, sikiliza... tak, tak. Kufungua lazima ubonyeze hapa ili kinundu kipite. Asubuhi ya baridi plastiki inakakamaa na vidole vimekufa ganzi, chukua kadi ya benki, ingiza hapa, sukuma. Na msicheke, kule milima ya Adirondack, New York, alikuwepo dubu jike waliyemwita Yellow-Yellow aliyejifunza kufungua BearVault kwa meno. Kampuni ikaongeza vizuizi, naye akavipata navyo. Aliuawa na mwindaji mwaka 2012. Huku magharibi mwa Marekani mtungi huu unakubalika, Yosemite ukiwemo. Kwa mwenye gari, wa nini? Mimi ningeununua kama kuna siku unaacha gari na kulala juu mlimani. Vinginevyo dola mia moja hivi hiyo, nunua mafuta ya gari.

Mfuko huu ni Ursack. Kitambaa cha nyuzi ngumu kama za fulana ya kuzuia risasi, gramu mia mbili na kidogo, unaufunga kwenye mti. Dubu hauchani. Ila hakuna kinachomzuia kuutafuna, na mkate wako, ndizi zako, mayai, vyote vinakuwa uji ndani humo. Yosemite hawaukubali. Kwa kambi ya gari sioni kazi yake, nauweka pembeni.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi hasa, maana video za Wazungu hazitakwambia. Wao wanakwambia toa dawa ya meno, sabuni, mafuta ya midomo, losheni ya jua, takataka, chakula cha mbwa. Kweli, vyote viingie kabatini. Ongeza vya kwetu. Mafuta ya nazi ya nywele. Siagi ya kakao. Mfuko wa bizari ya pilau. Dagaa! Dagaa uliotumiwa na mama kutoka Mwanza, umeufunga nailoni tatu ukadhani umemaliza. Gari zima linanuka hadi wewe mwenyewe unasikia, sembuse dubu, na vuli anapojinenepesha anatafuta hadi kalori 20,000 kwa siku. Sufuria ya nyama iliyobaki ukoko, ioshe usiku huo huo, usiilaze mezani. Apron uliyochomea nyama usilale nayo hemani.

Waliowahi kulala kambi za umma za Seronera, Serengeti, hili si geni kwenu: jiko na sehemu ya kulia zimezungushiwa nyavu za chuma, mtu anapika ndani ya kizimba na fisi wako nje. Wazo ni moja, chakula kwenye chuma, watu kwenye hema.

Kanada, kwa ndugu zangu wa Calgary na Edmonton: kwenye hifadhi za Banff na Jasper gari lililofungwa linaruhusiwa, au kabati likiwepo. Ila wale wakaguzi wanapita viwanja, na wakikuta boksi la barafu mezani na wewe umekwenda ziwani, wanaweza kulichukua. Tupu au limejaa, hawaangalii, kwa kuwa dubu naye anatambua boksi kwa kuliona.

Na wenye mahema ya juu ya paa la gari, mmeuliza sana. Yellowstone kisheria chakula kinaweza kubaki garini. Lakini fikiria mpangilio: wewe uko juu, nyama iko chini yako. Kama kambi ina kabati, tumia kabati.

Kwa hiyo mwenye boksi lake la kawaida la dola hamsini, linaloingia kwenye kabati la kambi yake, na anakwenda Yosemite au Sequoia, hifadhi nyingine ya California: usinunue chochote. Hiyo mia tatu kaa nayo. Anayekwenda msitu usio na kabati, nunua boksi lenye kibandiko, na siku hiyo hiyo, duka hilo hilo, nunua kufuli mbili. Kabla ya yote fungua tovuti ya hifadhi yenyewe usome sheria ya chakula, kwa sababu ndani ya hifadhi moja kambi na kambi zinaweza kutofautiana.

Aliyekwisha pima boksi lake aniandikie vipimo hapo chini, urefu, upana, kina, na anakokwenda, nitamjibu kama linaingia.