Bima ya indemniti kwa madaktari wa Nairobi: soma mkataba kabla ya kuchukua cheti

Mwaka ukielekea kuisha, mabroka wa bima kuanzia Upper Hill hadi Westlands huwatumia madaktari ujumbe: indemniti ya leseni, cheti leo leo. Indemniti ni bima inayomlinda daktari pale mgonjwa anapomdai fidia. Leseni ya mwaka inaisha tarehe 31 Desemba na Baraza la Madaktari (KMPDC) linaitaka bima hiyo, kwa hiyo wateja hawakosekani. Cheti kweli hutoka upesi. Tunachokagua hapa ni mkataba ulio nyuma yake, ule wa kawaida anaouziwa daktari mmoja mmoja.

Anza na ukurasa wenye jina lako, taaluma yako, kiwango cha fidia na eksesi, yaani sehemu ya dai unayoilipa mwenyewe. Hapo pana mstari mfupi ambao wengi huuruka: tarehe ya kurudi nyuma, yaani siku ambayo kinga ya kazi yako ya zamani inaanzia. Mikataba mingi ya aina hii hushughulikia dai lililowasilishwa wakati bima iko hai, hata kama tukio lilitokea zamani. Tuseme ulimpasua mgonjwa Machi 2023, na barua ya wakili ikafika Februari 2026. Bima inayohusika ni ya 2026, na itakulinda tu ikiwa tarehe ya kurudi nyuma ni Machi 2023 au kabla ya hapo. Ukihamia kampuni nyingine kwa kufuata bei, nayo ikaandika tarehe uliyojiunga, kazi yako yote ya nyuma imebaki bila kinga. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura 22, mgonjwa aliyeumia ana miaka 3 ya kushtaki, na mahakama inaweza kumwongezea muda katika hali fulani. Hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, na inawezekana kuizuia kabla hujalipa: mpe broka mkataba wa mwaka jana, umtake tarehe ile ile iandikwe kwenye mkataba mpya. Ahadi ya simu haitoshi.

Kiwango cha fidia nacho kinapotosha. Shilingi milioni 5 zinaweza kuwa za kila dai, au za madai yote ya mwaka mzima. Uliza pia kama gharama za mawakili zinakatwa humo humo. Zikikatwa, na utetezi ukala milioni 1.5, zinazobaki za kumlipa mgonjwa ni milioni 3.5; hukumu ikizidi hapo, tofauti inatoka mfukoni mwako. Kwa mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa, daktari hudaiwa gharama za matunzo ya maisha. Daktari wa uzazi au wa ganzi asikubali kiwango cha daktari wa kliniki ya kawaida.

Halafu kuna malalamiko yanayopelekwa KMPDC bila kupitia mahakama ya Milimani kabisa. Huko unaweza kusimamishiwa leseni kwa kosa la nidhamu bila mtu kudai hata shilingi moja. Mkataba unaotaja "madai ya fidia" pekee hautakulipia wakili wa kwenda naye huko. Dai kipengele cha utetezi wa nidhamu, chenye kiwango chake kilichoandikwa, na uchunguzi wa kifo mahakamani uwemo.

Kwenye yasiyolipwa, angalia kwanza taaluma uliyojaza kwenye fomu. Aliyejaza daktari wa kawaida, kisha Jumamosi akafanya upasuaji wa kuzalisha kwenye lokamu (kazi ya muda ya kushika zamu) Kayole, ameipa kampuni sababu ya kukataa dai. Leseni iliyoisha, upasuaji wa urembo usiotajwa na ushauri kwa mgonjwa aliye nje ya Kenya ni sababu nyingine za kawaida. Faini za Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 mara nyingi hazimo, kwa hiyo eksirei yenye jina la mgonjwa isipite kwenye grupu la WhatsApp.

Usitegemee pia maneno ya hospitali kwamba "umo kwenye bima yetu". Daktari bingwa anayelaza wagonjwa wake hospitalini bila kuajiriwa huhesabiwa mara nyingi kuwa mtu wa nje. Omba barua inayokutaja kwa jina.

Mahali ambapo bima nzuri huharibika ni kwenye kutoa taarifa. Mkataba unataka uripoti tukio linaloweza kuzaa dai, na wakili kuomba nakala ya faili la mgonjwa kunatosha kuwa dalili. Mwandikie broka siku hiyo hiyo, uhifadhi jibu lake. Kumpa mgonjwa pole na kumweleza kilichotokea ni wajibu wako. Kuahidi malipo bila idhini ya kampuni ndiko kunakovunja mkataba. Yaliyokwisha kuandikwa kwenye faili usiyabadilishe. Likihitaji nyongeza, andika tarehe na saa ya leo, uweke sahihi. Maneno ya zamani yasifutwe: neno lililokosewa hukatwa kwa mstari mmoja, bado lisomeke. Wakili wa upande wa pili akiwa na nakala ya awali, faili lililoandikwa upya linaweza kukufanya ushindwe kesi hata pale tiba ilipokuwa sawa. Fomu ya ridhaa nayo itaje upasuaji wenyewe na hatari zake, kwa lugha anayoielewa mgonjwa, kama inavyotaka Sheria ya Afya ya 2017.

Kwa daktari wa kliniki asiyepasua, mkataba huu unafaa, mradi tarehe ya kurudi nyuma na utetezi wa nidhamu virekebishwe. Kwa wa uzazi, ganzi na upasuaji, hatuupendekezi ulivyo. Na anayestaafu au kuhama nchi anunue muda wa ziada wa kuripoti madai kabla mkataba wa mwisho haujaisha, kwa kuwa kampuni nyingi hazikubali ombi hilo likishachelewa.