Benchi la Urafiki, Harare: huduma inayompunguzia mgonjwa aibu
Ni benchi la mbao kwenye uwanja wa kliniki, na bibi wa mtaani aliyefunzwa kusikiliza. Daktari Dixon Chibanda aliianzisha huduma hii katika mtaa wa Mbare, Harare, nchini Zimbabwe, mwaka 2006. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili na watu wakalikwepa. Nani angetaka kuonekana hapo? Jina likabadilishwa.

Kwanza unajibu maswali 14 ya ndiyo au hapana kuhusu wiki iliyopita. Kisha unaeleza yote yanayokulemea, unachagua tatizo moja tu na kulipangia hatua ndogo inayowezekana. Vikao hufika sita. Huduma huharibika bibi anapoanza kutoa mawaidha: suluhisho lisipotoka kwa mwenye shida, halitekelezwi.

Katika utafiti uliochapishwa 2016, baada ya miezi sita takriban asilimia 14 ya waliohudumiwa kwenye benchi ndio waliobaki na dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), huku kwa waliopata huduma ya kawaida ikiwa asilimia 50. Hayo ni matokeo makubwa sana.

Kasoro ni faragha: benchi liwekwe mbali na foleni. Anayefikiria kujiua apelekwe kwa wataalamu siku hiyohiyo.