Uzoefu wangu na Trilogie de la Mort ya Éliane Radigue

Nianze na spika, maana ndizo zitakazoamua kama utaupenda muziki huu au utaona umetupa hela. Trilogie de la Mort (“Trilojia ya Kifo”), kazi ya muziki wa kielektroniki yenye sehemu tatu ya mtunzi Mfaransa Éliane Radigue, haisikiki kwenye spika ya simu. Uzito wake uko chini kabisa, kwenye besi ndefu inayotambaa, na simu inaimeza yote ikakuachia mvumo mwembamba usio na maana. Vifaa vizuri vya masikioni vinasaidia, ila kazi hii inataka chumba. Kwenye spika zangu mbili za kawaida, nikiwa nimepunguza sauti, mawimbi yanagonga kuta na kukutana hewani. Nikigeuza kichwa kidogo tu nasikia noti ambayo sasa hivi haikuwapo. Nikisogea hadi mlangoni, muziki umebadilika tena.

Ninasikiliza toleo la CD tatu lililotolewa mwaka 1998 na lebo ya Experimental Intermedia ya New York. Kila CD ina sehemu moja ya karibu saa nzima: Kyema (1988), Kailasha (1991) na Koumé (1993). Usitafute mdundo wala kiitikio. Sauti inaingia polepole, inakaa, na ndani yake kitu kinasogea bila wewe kukikamata kinaposogea. Unashtuka umefika mahali pengine.

Ala aliyoitumia Radigue ni ARP 2500, sintesaiza (mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme) ya Kimarekani yenye ukubwa wa kabati. Aliinunua New York mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaisafirisha hadi Paris, na sehemu ya kinanda ya mashine hiyo akaiacha hukohuko Marekani. Mimi hilo ndilo lililonifungua masikio. Bila vibonye vya kupiga, mkono hauna jinsi ya kurukia wimbo. Kilichobaki ni kuzungusha vifundo vya kurekebishia sauti, taratibu mno, na kurekodi kwenye kanda. Kuchanganya kanda hizo kulifanyika kwa mkono, mwanzo hadi mwisho kwa mfululizo, kwa hiyo akikosea karibu na mwisho ilibidi aanze upya. Ukijua hivyo, unausikia uvumilivu wenyewe ndani ya sauti.

Alizaliwa Paris mwaka 1932. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi na Pierre Schaeffer, halafu mwishoni mwa miaka ya 1960 akawa msaidizi wa Pierre Henry, wakubwa wa muziki uliotengenezwa kwa kukata na kuunganisha sauti zilizorekodiwa. Katikati ya hapo alikuwa mke wa msanii Arman na mama wa watoto watatu huko Nice, akiishi karibu na uwanja wa ndege na kuzisikiliza ndege zikipita. Walimu wake walipenda mikato na mishtuko. Yeye akaushika ule mlio unaotokea maikrofoni ikisogea karibu na spika, mlio unaowaudhi watu wote ukumbini, akaufuga hadi ukatulia. Naona huo ni ujasiri kuliko makelele mengi yanayoitwa ya kimapinduzi.

Katikati ya miaka ya 1970 alifuata Ubudha wa Kitibeti na akaacha kutunga kwa miaka kadhaa. Kyema inatokana na mafundisho hayo: hali sita ambazo nafsi huzipitia, kuanzia kuzaliwa, ndoto na tafakuri hadi kifo na kurudi. Ni nzuri sana, na ndiyo iliyo nyororo kuliko zote.

Kisha mwaka 1989 mwanawe, Yves, alifariki katika ajali ya gari. Kailasha ilikuja baada ya hapo. Imejengwa juu ya safari ya kuwazia, ya kuuzunguka mlima Kailash wa Tibet, ambao mahujaji huuzunguka bila kuupanda. Nimefiwa, na naijua hali hii: unazunguka kitu kimoja, hukikaribii, hukiachi. Sauti hazitulii, zinasuguana na hazipati pa kukaa. Hakuna mahali mtunzi anapokulazimisha kulia. CD hii ninaiheshimu kuliko zote tatu, lakini siiweki ovyo. Ina siku zake.

Kwa anayeanza, nashauri aanze na Koumé. Inafunguka zaidi kuelekea mwisho, na itamzoesha na kasi hii kabla hajaingia kwenye Kailasha. Asiisikilize akiendesha gari, wala jikoni, kwa sababu sufuria na feni vitafunika nusu ya kazi. Anayetaka muziki wa kumchangamsha asinunue kabisa.

Akiipenda, atafute baadaye mfululizo wa Occam Ocean, ambao Radigue aliuanza mwaka 2011 baada ya kuachana na sintesaiza. Humo wapigaji ni watu wenye vinubi, filimbi na ala nyingine za kawaida, na hakuna karatasi ya noti. Kila mmoja alikaa naye, wakazungumza na kusikilizana hadi kipande kikakamilika.