Skuli ya ski kwa watoto Kaprun: uzoefu wangu

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza wanaloniuliza wenzangu hapa Maskati. Madarasa ya kundi ya watoto ya ski, yaani kuteleza kwenye theluji kwa vibao miguuni, huko Kaprun na Zell am See, Austria, huuzwa kwa siku, lakini bei haipandi sawasawa. Siku ya kwanza ndiyo inayouma. Kuanzia ya tatu hadi ya tano nyongeza inakuwa ndogo mno, hata kulipia siku tatu peke yake ni kujipunja. Sisi tuliwaandikisha wote wawili, binti wa miaka 10 na mdogo wake wa miaka 6, Jumatatu mpaka Ijumaa, tukalipa zaidi ya yuro 300 kwa kila mmoja. Hizo ni za mwalimu tu. Kukodi vifaa, tikiti ya lifti ya kupandia mlimani na chakula cha mchana vina hesabu zao, kwa hiyo usishangilie bei ya kwanza unayoiona.

Tulikwenda Januari, skuli za hapa zilipofunga. Ukiweza kuchagua, chagua baada ya tarehe 6 Januari. Wenyeji wanakuwa wamemaliza sikukuu zao, nyumba zinashuka bei, na likizo zao za Februari bado hazijawajaza milimani. Kaprun yenyewe iko chini, mita 786 tu juu ya usawa wa bahari, lakini juu yake kuna barafu ya mlima wa Kitzsteinhorn ambayo kituo chake cha juu cha lifti kiko mita 3,029, basi wasiwasi wa kukosa theluji si mkubwa. Na mtu wa Ghuba hajioni mgeni pale. Wakati wa kiangazi Zell am See hujaa watu wa huku, na wenye mahoteli wameshatuzoea.

Duka la vifaa lilitutoa jasho kuliko mlima. Watakuuliza urefu, umri, kiwango na uzito wa mtoto. Taja kilo za kweli, usikisie, wala usitaje za mwaka jana. Kile kifungo kinachoshika kiatu kwenye ski hurekebishwa kwa uzito huo, ili mtoto akianguka kimwachie mguu. Ukipunguza kilo kitaachia ovyo, ukizidisha hakitaachia, na goti ndilo litakalolipa.

Viatu navyo ni vigumu vibaya sana. Mdogo alivaa akaanza kulia, nami nikataka tupewe saizi kubwa zaidi. Kijana wa duka akakataa. Akapiga goti, akafungua vifungo vyote, akaikuta suruali ya ndani imesokotwa pamoja na soksi mbili. Akavua soksi moja, akaivuta suruali ikatoka kabisa kwenye kiatu, akaikunja juu ya shavu la mguu, akafunga upya kuanzia chini kwenda juu. Kilio kikakatika hapo hapo. Soksi moja, ndefu, nyembamba, na kisiingie kitu kingine chochote kwenye kile kiatu.

Kofia ngumu si hiari. Kaprun iko jimbo la Salzburg, na huko sheria inamlazimisha kila aliye chini ya miaka 15. Kwa wasichana wanaojistiri, nimeona mtandio wa kichwa wa kawaida haufai: pini ni hatari, na fundo la kisogoni linaiinua kofia pale pale penye kigurudumu cha kuikazia. Binti alivaa hijabu ya michezo, ile ya kuingiza kichwani, nyembamba na yenye kuvutika. Aende nayo dukani, apimiwe kofia akiwa ameivaa. Hakuna aliyetukodolea macho.

Sasa darasa lenyewe. Saa nne asubuhi hadi saa sita, kisha saa saba na nusu hadi saa tisa na nusu. Nilidhani watapandishwa mlimani siku ile ile, kumbe asubuhi nzima ilipita kwenye uwanja ulio karibu tambarare. Walivalishwa ski mguu mmoja tu, wakawa wanajisukuma kwa mguu mwingine, wakizunguka, wakianguka, wakifundishwa kuinuka bila kuvutwa mkono. Fimbo za mkononi hawakupewa kabisa, maana mtoto mwenye fimbo huegemea fimbo badala ya miguu. Baadaye ndipo wakapelekwa kwenye mkanda unaotembea ardhini, wanasimama juu yake unawapandisha wenyewe.

Lugha ya kazi ni chakula. Ncha za ski zikikutana mbele ni piza, na piza ni breki. Ski zikienda sambamba ni chipsi, na chipsi ni mbio. Mwalimu anateremka kinyumenyume mbele yao, mikono kainyoosha, anapiga kelele "Piza! Piza kubwa!" na kile kimtoto changu kinapanua miguu mpaka karibu kichanike. Mimi ningemweleza kwa nusu saa habari ya uzito na mteremko asinielewe. Hapo ndipo nilipoona thamani ya pesa yangu.

Lawama ninayo moja nzito. Kwenye fomu nilijaza Kiingereza na Kiarabu, lakini asubuhi ya kwanza mdogo akatiwa kundi linalosomeshwa Kijerumani kitupu. Mchana akaniambia, "Mama, mimi nafanya wanavyofanya wengine, lakini nachelewa." Nikenda ofisini, wakanihamishia mtoto jioni ile ile, ila bila samahani, kana kwamba nawasumbua. Kwa hiyo usitegemee fomu. Fika mapema, mtafute mwalimu, msemeshe mbele ya mtoto, uone kama wanaelewana. Uliza pia kundi lina watoto wangapi. Wakizidi kumi mwambie waligawe.

Halafu ondoka. Walimu hawawataki wazazi kwenye uzio, na wana haki. Kulikuwa na baba mmoja, simu mkononi, kila dakika anamwita mwanawe ageuke apigwe picha. Mtoto akigeuka tu, chini. Wenzake wote nyuma yake, chini.

Chakula cha mchana cha skuli sitakilipia tena. Ukisema hamli nguruwe wanakuelewa na wanajitahidi, lakini nyama ya halali ni habari nyingine, na vile vipande vidogo vya nguruwe wa kukaushwa kwa moshi huingia mpaka kwenye supu na saladi. Kilichotuokoa ni vyakula vya jibini vya kule kwao, khasa Kasnocken, vidonge vya unga vilivyozamishwa kwenye jibini na kupambwa vitunguu vya kukaanga, vinaletwa na sufuria yake. Watoto walivipenda. Kaiserschmarrn nayo ni tamu, chapati nene ya mayai iliyochanwachanwa na kunyunyizwa sukari, ila ulizia zabibu: mara nyingi zimelowekwa kwenye ramu. Tukawa tunawachukua sisi saa sita, wanakula, tunasali adhuhuri, tunawarudisha.

Bima ndiyo ya kusoma kwa miwani. Ile ya viza ya Schengen, viza ya kuingilia Austria na nchi nyingi za Ulaya, hutakiwa ilipie matibabu ya angalau yuro 30,000, na wengi wetu tunanunua ya bei ya chini kabisa ili mradi ubalozi uridhike. Nyingi katika hizo haziingizi michezo ya theluji. Na helikopta ya uokoaji ikimchukua mtu aliyeumia kwenye ski, ankara inakuja kwako, nayo ni maelfu ya yuro. Ongeza hicho kipengele kabla ya kuondoka nyumbani.

Watu wananiuliza mbona hatukuchukua mwalimu binafsi. Bei yake ni mara kadhaa, na kwa mtoto wa skuli sioni faida. Wanaigana, wanaoneana wivu, anayeogopa anamwona mwenzake wa kimo chake ameteremka naye anateremka. Ningemchukulia mwalimu wake peke yake mtoto mdogo wa miaka mitatu, au yule anayekataa kabisa kuachwa.

Ijumaa wanafanyiwa mashindano, vibendera vimepangwa, saa inapimwa, medali kwa kila mtoto. Usiku binti akaniuliza kama kuna mtu wa kwetu aliyewahi kushindana kweli. Nikamwonyesha Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia huko huko Austria, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 Pyeongchang. Akatazama video zake mpaka simu ikazima chaji.

Mwakani, inshaallah, nitawaandikisha tena, kundi, wiki nzima, bila chakula. Baba yao naye anasema anataka darasa la watu wazima. Hilo atalilipia mwenyewe.